Chura Aliyekanyagwa

Ukumbi wa mtaa ulikuwa umejaa ndege wa karatasi, na mke wangu akaanza kuwakunjua.

Sherehe ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyetufundisha mtaa mzima kuwakunja, ili kila mgonjwa apelekewe mmoja wa kumtia moyo. Sasa tulimkunjia yeye, maana anasahau hata jina la binti yetu.

Alimkunjua mmoja, akainyoosha karatasi kwa ukucha, taratibu, kama anapiga pasi. Akachukua mwingine. Watu wakaacha kupiga makofi.

"Mama, basi," binti yetu alimnong'oneza. "Hao ni wako."

Akafika kwa wangu. Wangu hafichiki: shingo imepinda, mkia hana. Akamgeuzageuza, akacheka.

"Huyu chura kakanyagwa na nani?"

Utani huo ni wetu wawili, amenitania nao tangu uchumba.

"Na mimi!" nikasema, nikapiga magoti mbele yake. "Mimi hapa, mama watoto!"

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemstahi mgeni.

"Usijali, kaka," akasema, ukucha ukiwa tayari kwenye karatasi. "Hata mume wangu hajui kukunja."