Maziwa ya Lozi kwa Yashvant

Jino la mbele la Dhondiram, lililomtumikia kwa uaminifu miaka ishirini, lilistaafu saa kumi na dakika tatu alasiri, likazikwa papo hapo katika udongo mwekundu wa uwanja wa mieleka. Watu elfu mbili walihudhuria mazishi hayo wakishangilia.

Dhondiram alitema damu, akacheka. Yashvant, aliyeling'oa kwa kiwiko, alikuwa amebakiwa na dakika chache tu za kuwa macho. Ilibaki kazi ya kuvumilia tu.

Hukumu ilikuwa imeshatolewa na mwalimu wao: atakayebwagwa leo afungashe virago, arudi kijijini kwao akakate miwa. Wawili hao walilala chini ya paa moja, katika nyumba ya wanamieleka, na kwa miaka mitatu mfululizo Yashvant alikuwa amembwaga mwenzake. Dhondiram alikuwa na hakika ya mambo mawili duniani: kwamba haitaki miwa, na kwamba Yashvant hapigiki akiwa macho.

Ndiyo maana jana yake alikwenda kwa mzee Gokhale, mwenye duka la dawa pekee pale mjini, akadai vumbi linamtesa pua. Gokhale akamwekea mezani karatasi moja ya vidonge vya njano. Kumi tu, ndivyo vilivyobaki. Kisha akahutubia, kwani alipenda sana kuhutubia. Mwili wenye mzio, alisema, humwaga kemikali inayovimbisha macho na kutiririsha makamasi. Kidonge hiki huikalia kemikali hiyo mlangoni, isiingie. Ubaya wake ni kwamba ni dawa ya zamani. Hupenya mpaka kwenye ubongo, nao ukasinzia.

"Mgeni wa dawa hii akimeza viwili analala kama gogo," alisema. "Ila wale wanaomeza kila siku, mwanangu, wao miili yao..."

"Nipe vyote, mzee."

"Vyote? Nina mteja wangu wa kila wiki."

"Mteja wako atapiga chafya siku mbili. Hatakufa."

Asubuhi ya pambano, wenzao wakiulima uwanja na kuuchanganya udongo na manjano, mafuta na mtindi, Yashvant alikaa pembeni amejiinamia, macho yamevimba kama ndimu na kutiririka machozi. Dhondiram alijua machozi ya woga akiyaona, na yalimfariji mno. Lakini mtu makini haachi kazi nusu. Zamu ya kusaga lozi ilikuwa yake, kwa hiyo alisaga lozi, akasaga pilipili manga, akasaga vidonge vinne, akavikoroga katika maziwa. Vilivyobaki alivitupa mtaroni.

"Kunywa, kaka," alimwambia. "Leo utahitaji nguvu."

Yashvant alikunywa mpaka povu la mwisho, akamshukuru. Dhondiram aliiosha bilauri mwenyewe, kwa heshima zote.

Na sasa walikuwa wamekabana shingo kwa shingo, jasho na udongo vikiwachuruzika.

"Lala," Dhondiram alimnong'oneza sikioni, kwa upole wa mama.

Yashvant alidhani anatukanwa, akamvunja kidole.

Dhondiram alimjibu kwa kichwa. Nyusi ya Yashvant ikapasuka, damu ikamwagika usoni. Alirudi nyuma hatua mbili, akayumba, akafumba macho. Hatimaye! Dhondiram akalegeza mikono na kusubiri gogo lianguke.

Gogo lilikuwa linapangusa damu tu. Liliinama, likamkamata paja, likamwinua juu ya vichwa vya watu na kumtwanga chini. Ubavu ulilia kama kuni kavu. Akajaribu kujigeuza, akapigwa goti palepale palipolia. Mabega yake yote mawili yakagusa udongo, ngoma zikapigwa, na mwalimu akageuza uso upande mwingine.

Kwa desturi, mshindi humwinua aliyeshindwa. Yashvant alipiga magoti, akampitishia mkono mgongoni taratibu, akainamisha mdomo karibu na sikio lake. Macho yake, kwa karibu vile, yalikuwa meupe, makavu, na yako macho kabisa.

"Nisamehe, kaka. Usione haya, leo mimi ndiye niliyekuwa wa kurudi kwenye miwa. Miaka sita siugusi udongo huu bila vidonge vyangu vya mzio. Nikivikosa, macho yanavimba mpaka yanajifunga. Jana nafika kwa Gokhale, naambiwa kuna mpumbavu amevinunua vyote. Asubuhi nilikuwa nusu kipofu, nimekaa pale namlilia Hanuman, mungu wetu wanamieleka, sina la kufanya. Ndipo ukaja wewe na maziwa."