Ngiri Apata Timu Ulaya

Kwa akina Ngiri uwanja wa mpira ulikuwa vumbi tupu, na katika vumbi lile hapakuwa na beki wa kumkaba Ngiri. Korongo, wakala wa wachezaji anayehamahama kila msimu, alimwona akampeleka Ulaya kwenye timu ya kocha Dubu.

Mechi ya kwanza, Ngiri aliingia uwanjani akaduwaa. Majani mabichi, laini, toka goli hadi goli! Alipokea pasi, akawatoka mabeki wote, akabaki yeye na kipa. Hapo akapiga magoti.

"Anaomba dua," mashabiki wakanong'onezana.

"Anakula!" alinguruma Dubu. "Wewe Ngiri, piga mpira!"

"Nakuja, kocha," alijibu Ngiri, mdomo umejaa. "Namalizia hapa kwenye penalti."

Alitolewa, na hakuchezeshwa tena. Lakini kesho yake Dubu aliona pale Ngiri alipopiga magoti pamekuwa sawasawa kama zulia. Akaiuza mashine ya kukatia majani, kazi akampa Ngiri.

Mvua zilipoanza, Korongo alirudi. Mama Ngiri akamwahi njiani.

"Baba, niambie kweli. Mwanangu anasugua benchi?"

Korongo akakohoa. "Benchi? Hata siku moja, mama. Wenzake huingia uwanjani Jumamosi tu. Yeye yumo kila siku ya Mungu, tangu asubuhi."

Mama Ngiri akapiga vigelegele, kisha akaingiwa na wasiwasi. "Na chakula cha huko, anakiweza?"

"Hapo, mama," alisema Korongo, "hakuna beki wa kumkaba."