Siku ya Arobaini

Baba akienda likizo ya uzazi, kiwandani mashine hushika zamu yake, na siku ya arobaini hupimwa nani fundi zaidi. Mkude alikuwa amechomelea vyuma miaka kumi na minane. Hakuwa na wasiwasi. Asubuhi hiyo alivaa ovaroli, mtoto begani, akisubiri kuitwa.

“Imekubana,” mkewe Zaituni alimtania. “Umenenepea uji wangu wa uzazi.”

Simu ikalia. Mkude akasoma: “Hongera. Likizo yako imeongezwa.”

“Mpaka lini, baba Siwatu?”

“Hawajasema.”

Zaituni akamfungua mumewe vifungo vya ovaroli, kimoja kimoja. Likizo yake mwenyewe ya kumzaa Siwatu, mtoto wao wa kwanza, kiwandani waliiongeza hivyohivyo, na Siwatu sasa yuko darasa la nne.