Huyu Bado Mgumu

Bakora ilitua kwa kishindo hata kuta za chumba cha uani, kule Mpendae, zikaitikia kwa adabu.

Hakulia. Hakuna aliyewahi kulia mbele ya Bi Duni, na wengi walishapita mikononi mwake.

Mlangoni alikaa mpwa wake, Khairat, kompyuta mapajani. Alishaiingizia kila kitu: uzito wa kila mmoja, pahala alipokamatwa, saa ya gari kufika. Nayo ikapanga nani apigwe kwanza, nani angoje, nani atiwe kwenye maji ya moto.

"Shangazi, huyu keshatimia. Kompyuta inasema aje mwengine."

Bi Duni akambinya. "Kompyuta imembinya?"

"Haijambinya."

"Basi isinifundishe. Huyu bado mgumu."

Akamgeuza, akampiga upande wa pili, bila ya hasira, kama mwalimu wa zamu. Majimaji yakamrukia Khairat shavuni. Akajifuta kwa ncha ya mtandio, macho kwenye kioo.

"Gari ya Uroa i njiani. Ikiondoka bila yeye, tumekwisha."

"Na juzi, tulipomtoa mwenziwe hajalainika?"

Juzi waliitii kompyuta, na watu wa Uroa wakamrudisha mchana ule ule, pamoja na onyo: akija mgumu mwengine, biashara imekufa.

"Nnataka nafasi tu, mwanangu," alisema Bi Duni. "Wale wadogo wawili pale hawana haja ya bakora. Mwambie huyo mjuzi wako watangulie wao motoni."

Khairat akabonyeza. Kompyuta ikafikiri, ikapanga upya, ikakubali kwamba muda upo. Basi Khairat akawanyanyua wale wadogo mwenyewe na kuwatumbukiza. Wakajikunja, wakawa wekundu.

Nyuma yake bakora ikaendelea, ikaendelea, mpaka yule mkubwa akalegea kama nguo iliyorowa. Bi Duni akambinya mara ya mwisho, naye akawafuata wenziwe kwenye maji yanayotokota.

Alipotolewa, honi ililia nje. Msabah wa Uroa akaingia, mtu mpana asiyejua masihara. Hakusalimia. Akambinya, akambinya tena.

Kisha akatoa kisu. Akahesabu mikono saba, wa nane akaukata ncha, akaikamulia ndimu, akatafuna bila ya taabu.