Kanda ya Lubango

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kidawa huzungusha kanda zake za nyimbo za zamani kwa kalamu, moja moja, zisigandane. Leo alikuwa kwenye ya nne mlango ulipogongwa. Alikuwa Bi Siwema, mjane wa Lubango, mpiga zeze aliyezikwa juzi.

"Shikamoo, bibi. Pole na msiba."

"Marahaba. Sauti ya mume wangu bado unayo?"

"Ninayo. Ni kanda hii moja tu, hakuna nyingine."

"Niwekee."

Zeze lililia, kisha sauti ya Lubango ikaingia, tamu, ikimbembeleza mke aliyenuna arudi nyumbani. Kidawa alifumba macho, kama kawaida yake.

Ghafla wimbo ulikatika. Bi Siwema alikuwa ameichomoa kanda, anauvuta utepe wake kama mtu anayeteka maji kisimani.

"Bibi, usiukate! Tutaimba nini kwenye harusi zetu?"

Mikono ya bibi ikasimama. Utepe ulikuwa umemjaa mapajani, bado mzima.

"Aliutunga siku aliyonivunja mkono huu," alisema. "Miaka yote hii, nyinyi mnaupigia makofi."