Mnara Chini ya Jani Bovu

Paliondokea vijidudu chini ya jani bovu, wadogo hata jicho haliwaoni, kila mmoja akijilia chake. Chakula kilipokwisha wakafuata desturi ya njaa, wakapandana wawe mnara. Wa juu hunata tumboni mwa jongoo anayepita, wakachukuliwa penye chakula. Wa chini hukauka wakafa.

Mavune alifika wa kwanza, akasimama chini, maana alichoka hata kubishana. Kiparamia, mjanja wao, akampanda mabegani. Wengine wote wakafuata, kila mmoja akidai mgongo unamuuma.

Jongoo akapita juu yao bila kuwagusa.

"Inuka kidogo, dada!" Kiparamia alifoka.

"Niinuke vipi? Huku chini niko peke yangu."

Kiparamia akatazama, akaona kweli. Jongoo wa pili alikuwa anakuja. Akashuka polepole hadi chini, na watatu wakamfuata, wakasimama bega kwa bega wawe msingi.

"Panda, dada," alisema. "Umesimama vya kutosha."

Mnara ukarefuka, jongoo akawazoa wa juu, Mavune akiwamo. Walipofika penye chakula, wenzake walikimbilia kula. Yeye aliketi kwanza, akalitaja jina la Kiparamia mara moja, kisha naye akala.