Ukoko Kwenye Ukoga

Fizi za Tunu zilikuwa zikitoka damu kila akipiga mswaki, lakini kilichompeleka kliniki ni sheria. Kila miezi sita lazima usafishwe meno, na ukoga unaokwanguliwa husomwa na mashine, kisha orodha ya vitu ulivyokula hutumwa kwa mkuu wa kaya.

Mumewe, Kombo, aliisoma kwenye simu wakiwa mezani, huku akitafuna samaki aina ya changu. "Samaki, hakuna. Ukoko, kila siku." Akaiweka simu chini. "Umeniaibisha, Mama Riziki. Watasema sikulishi."

Hasira zikampanda Tunu. Miaka kumi na miwili anawapakulia yeye na watoto, akiulizwa anajibu ameshakula, na hakuna aliyewahi kuinuka akachungulia jikoni. Leo ndiyo anaonekana, tena kwa uchafu wa meno.

"Utasafishwa tena Julai," Kombo alisema, akichambua miiba. "Kuanzia Juni nawe uwe unakula samaki."

Tunu akapitisha ulimi kwenye meno yake. Yalikuwa laini, safi, hayakumbuki kitu. Akaivuta sufuria ya wali, akakwangua ukoko, akautafuna polepole mbele ya mumewe, akihakikisha umegusa kila jino.